Diski ya Mama Ndani ya Kopo la Halua

Nitakuhadithieni jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najifunika uso kwa leso hata nikiwa peke yangu jikoni, na nakuhadithieni mwenyewe kwa sababu najua mmeshalisikia kwa watu, maana wanawake zaidi ya ishirini walikuwapo siku hiyo na katika hao ishirini hakuna hata mmoja aliyenihurumia akanyamaza. Basi bora mlisikie kwangu, mimi mwenye suruali.

Mama yangu, Bi Zuwena, kazi yake ni kuchora nakshi za kofia. Hizi kofia za kudarizi wanazovaa wanaume wetu huku Omani, Waarabu wanaziita kumma, zenye tundu ndogondogo zilizozungushiwa uzi moja moja, mnazijua, lakini wengi hamjui kwamba kabla mshonaji hajatia sindano yuko mtu alikaa akaipanga ile nakshi tundu kwa tundu kwenye karatasi. Mtu huyo ndiye Mama. Alifundishwa na mama yake Unguja akiwa msichana, akaja na ujuzi wake huku Ibra, na alipofika miaka hamsini na kitu kaka yangu Nasoro akamletea kompyuta, sote tukacheka, tukasema Mama na kompyuta wapi na wapi, yeye akakaa nayo kimya kimya mpaka akaijua. Miaka kumi na minne amechora humo kwa kipanya, kila nukta tundu moja, michoro mia mbili na zaidi, na kila mmoja una jina lake.

Sasa nataka mlishike hili kwanza kabla hamjaanza kunicheka. Macho ya Mama yameingia ukungu. Daktari alishamwambia kwamba aliyonayo ndiyo hayo, hayatopona, na ile skrini ya zamani ndogo alikuwa anaibandikia uso mpaka pua inagusa kioo, na miaka miwili hakuchora nakshi mpya hata moja. Karatasi anazotoa kwenye printa huwapa washonaji, nao wanazitoboa kwa sindano mpaka zinachanika wanazitupa. Kwa hiyo kazi ya umri wake wote ilikuwa imo kwenye kompyuta ile moja, na ikipotea hakuna wa kuichora tena, maana mwenyewe hawezi.

Na kompyuta yenyewe ilikuwa taabani. Joto la Ibra mnalijua. Ikiwaka inanguruma kama pampu ya shamba, ikikaa robo saa inazimika yenyewe, ukiiwasha tena inafikiri kwanza kama inataka au haitaki. Nasoro, ambaye anakaa Nizwa na kazi yake ni ya zamu hawezi kutoka ovyo, akamnunulia Mama kompyuta nyengine mpya yenye skrini pana, akanipigia simu.

"Asya, ichukue kompyuta ya Mama kama ilivyo uilete nzima. Usifungue kitu. Na kabla hujaizima, kopi michoro yote kwenye flashi, uwe nayo mkobani."

"Naam, naam," nikamjibu.

Mimi nafanya kazi ofisi ya shule, na printa ikikwama wote wananiita mimi. Hiyo ndiyo shahada yangu. Lakini mtu ukiitwa kila siku kukwamua printa unaanza kujiona fundi, na mimi nilikuwa nimeshajiona fundi zamani. Nikatia flashi, nikaanza kukopi, kompyuta ikazimika. Nikawasha, nikaanza tena, ikazimika. Mara ya tatu nikapandwa na hasira, nikasema kwani kuna haja gani ya kubeba dude zima la chuma kutoka Ibra mpaka Nizwa wakati kinachotakiwa ni hadi diski tu, kidude cha ukubwa wa kitabu cha mfukoni, michoro yote imo humo, na nimeangalia video chungu nzima watu wanaitoa kwa skrubu nne. (Zilikuwa skrubu nne kweli. Hapo ndipo ujuzi wangu wote ulipoishia.) Nikachukua bisibisi, nikafungua, nikaitoa diski, na lile ganda tupu nikalirudisha chini ya meza nikalifunika kitambaa chake kama kawaida ili Mama asijue.

Ikabaki namna ya kuisafirisha. Video zilisema isitikisike, ifungwe kitu laini. Taulo zote ziko kwenye mashine ya kufulia zinazunguka. Nikatazama huku, nikatazama kule, nikaiona suruali yangu ya kulalia, ya pamba, laini, imefuliwa, ina maua makubwa ya zambarau na nyuma ina kiraka cha rangi ya chungwa kwa sababu siku nilipoitia kiraka sikupata kitambaa chengine, na nilijua hakuna atakayeiona. Nikaikunja diski humo mara tatu. Kisha nikakumbuka makopo ya halua. Nani kati yetu hana mnara wa makopo matupu ya halua kabatini, yale ya plastiki yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, tunayaosha tunayaweka na wala hatujui tunayaweka ya nini. Diski na suruali yake vikaingia barabara kabisa, havichezi huku wala huku, nikabana kifuniko na nikajipigia makofi mwenyewe.

Nisichokijua ni kwamba Mama naye asubuhi ile alikuwa ameshaagiza halua mbichi, ya fundi yule yule, kopo lile lile.

"Kompyuta umeipakia?" akaniuliza tulipokuwa tunafunga mlango.

"Kila kitu kimo garini Mama, wewe usijali," nikasema, na kweli kimo garini, ila si kama anavyodhani yeye. Nilimficha kwa sababu sikutaka ajue kwamba nimefungua kitu nilichokatazwa, nikasema akija kujua itakuwa michoro imeshahama na mimi nishakuwa shujaa.

Tukatoka mapema, jua halijachachamaa. Tulipokaribia Manah, na hapo Nizwa si mbali tena, Mama akasema tupitie kwa Bi Shamsa, mkwewe amejifungua mtoto wa kiume, na hapiti mlangoni kwa watu bila kuwapa hongera. Bi Shamsa ni mtu wake wa toka Unguja, wamesoma chuo kimoja, na kwa miaka mingi ni mshonaji wake mkubwa. Halua aliyoagiza, akaniambia, iko kiti cha nyuma, ni ya kupeleka huko. Tukafika saa ya kahawa ya asubuhi, njia nyembamba, magari yamejaa mpaka kwenye mitende, nikamshusha Mama mlangoni.

"Tangulia Mama, mimi natafuta pa kuliweka gari."

Mama akafungua mlango wa nyuma, akapapasa kiti, akachukua kopo, akaingia. Mimi nikaenda kuegesha mbali huko, niliporudi nikachungulia kiti cha nyuma nikaona kopo moja limebaki, nikasema alhamdulillahi diski ipo, nikafunga gari na kufuli. Yale makopo uzito wake karibu sawa, na Mama macho ndiyo hayo niliyokwambieni, kwa hivyo msimlaumu. Mwenye macho mazima alikuwa mimi.

Ndani wamejaa. Nikazunguka zulia zima nikiwapa mikono mmoja mmoja, shikamoo kwa wakubwa, sabalkheri kwa wengine, nikakaa karibu na Mama. Matunda yapo, tende zipo, mtoto kalala kwenye kitanda chake kidogo pembeni. Mbele kabisa alikaa Bi Gharisa, shangazi wa mume wa Bi Shamsa, mtu mzima sana, Mwarabu wa hapo hapo, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, na heshima yake pale ni kwamba akikohoa wengine wote wananyamaza.

Bi Shamsa akalileta kopo katikati. "Bi Zuwena katuletea halua ya Ibra," akasema, na akafungua kifuniko mbele ya watu, kama desturi, kijiko kikiwa mkononi.

Kijiko hakikuingia. Akachungulia. Akatia vidole viwili, akavuta, na suruali yangu ikaanza kutoka kwenye kopo la halua, ua moja, ua la pili, mguu mmoja, mguu wa pili, mpaka ikaning'inia yote mkononi mwake na kile kiraka cha rangi ya chungwa kikatutazama sote. Diski ikateleza ikaanguka zuliani.

"Ya nani hii?" Bi Shamsa akauliza, kwa Kiarabu kwa ajili ya wageni, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu.

Hapa ndipo ningesema "yangu" mambo yakaisha. Tungecheka, ningeona haya robo saa, tungekunywa kahawa. Lakini wenzangu, kile kiraka. Damu yote ilinipanda usoni, ulimi ukatangulia mbele ya akili, nikasema, "Sijui, labda huko dukani wamekosea."

Mama naye, masikini, kwa dhati ya moyo wake akasema, "Wala mimi sijui, mimi nimenunua halua."

Bi Gharisa akanyoosha mkono akaiokota diski. Akaigeuza. Juu ina karatasi yenye tarakimu zimejipanga safu kwa safu, chini ina kile kibao cha kijani chenye vijistari vya rangi ya dhahabu vinakwenda na kurudi, vinapinda, vinakutana, na kwa haki ya Mungu nilipoitazama mkononi mwake niliiona kwa macho yake. Akasema neno moja tu kwa Kiarabu, talasimu, na hata asiyejua Kiarabu pale alifahamu, maana hirizi za namna hiyo, za tarakimu na mistari, sote tumezisikia. Nguo ya mwili ya mtu asiyejulikana, chuma kimeandikwa, vimefichwa ndani ya halua, vimeletwa nyumba yenye mtoto wa siku kumi. Mtu akikueleza hivyo nawe ungeogopa.

Basi wakaanza. Mwenye kusoma Ayatul Kursi anasoma, mwenye kujivuta nyuma anajivuta, mama wa mtoto akamnyakua mwanawe akampeleka chumba cha ndani. Na mmoja, sikumjua ni nani, akauliza pole pole kwa Kiarabu, "Kopo nani kalileta?" na macho yote yakamgeukia Mama. Nyuma yangu nikasikia mtu anamnong'oneza mwenzake, "Si hawa Wazinjibari. Watu wa Pemba hawa." (Sisi si wa Pemba, sisi ni wa Unguja, lakini nikaona si wakati wa kusahihishana.)

Mama alikuwa anageuza uso huku na huku, anatafuta sura ya Bi Shamsa katika ukungu wake. "Shamsa," akasema, "mimi nikuletee kitu kibaya wewe?" Bi Shamsa alikuwa bado ameishika ile suruali, na macho yake akayapeleka kwa Bi Gharisa.

Ningependa kukwambieni kwamba hapo hapo nilisimama. Sikusimama. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa, najiambia labda watavirudisha kwenye kopo watukabidhi tuondoke nalo, najiambia nitamweleza Mama garini, najiambia mambo chungu nzima. Sijivunii dakika zile. Mama yangu ametuhumiwa uchawi mbele ya watu na mimi nahofia kiraka.

Bi Gharisa akaagiza ubani. Chetezo kikaletwa kina makaa mekundu, akaishika diski kwa koleo la makaa akawa anaifukiza juu ya moshi, anaigeuza upande huu na upande huu, anasoma. Na mimi nikawa nakumbuka video zote nilizoangalia, hakuna hata moja iliyosema kitu kuhusu makaa. Kisha akasema iletwe ndoo ya maji yenye chumvi, ili ayasomee na kitu kile kizamishwe humo mpaka nguvu yake itoke, halafu kikatupwe mbali na nyumba.

Ndoo ikaletwa. Chumvi ikamiminwa, mkono mzima. Bi Gharisa akamaliza kuyasomea maji, akalisogeza koleo juu ya ndoo, na diski ya Mama ikawa inaning'inia hapo, shibiri moja juu ya maji ya chumvi, michoro mia mbili na zaidi, na mchoraji wake amekaa kando yangu hajui kinachoning'inia ni nini.

Nikainuka. Nikasema kwa Kiarabu, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Suruali ni yangu."

Wakageuka wote.

"Suruali ni yangu, mimi ndiye niliyeitia kwenye kopo, na hicho si kitu kibaya, hicho ni hadi diski ya kompyuta ya mama yangu. Tafadhali bibi, usiitie majini. Nakuomba sana."

Bi Gharisa hakulisogeza koleo, si mbele si nyuma. "Kama ni yako," akaniuliza, "kwa nini ulikana?"

Nikasema ukweli, maana uongo ulikuwa umeniishia. "Kwa sababu ina kiraka, bibi."

Bi Shamsa akashusha macho kwenye suruali mkononi mwake, akakigeuza kile kiraka akakitazama vizuri, na mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mwenzake wa kulia, akacheka wa kushoto, na ikawa chumba kizima kinacheka, watu wanashikana mabega, mmoja kahawa imempitia puani, na yule aliyesema watu wa Pemba alicheka kuliko wote. Mimi nimesimama katikati. Nikaenda nikaichukua diski kwenye koleo kwa mkono wangu, imepata moto, nikaibana kifuani.

Mama peke yake hakucheka. "Asya," akasema, "michoro yangu imo humo?"

"Imo Mama."

"Yote?"

"Yote."

Akanyoosha mikono miwili, nikampa, akaishika mapajani na vidole vyake vikawa vinaitafuta huku na huku kama vinavyomtafuta mtoto aliyeanguka, kuona wapi pameumia. Nilitamani anipige kibao mbele ya watu, ningeona nafuu.

Bi Shamsa akaacha kucheka. Akaenda ndani akarudi na kofia ya mumewe, mpya, ya sikukuu, akaipeleka kwa Bi Gharisa na kumweleza kwa Kiarabu kwamba nakshi hii aliichora Bi Zuwena, na ile ya mwanawe, na ile aliyoivaa marehemu baba mkwe safari yake ya mwisho ya hospitali, na zote walizovaa wanaume wa nyumba hii miaka yote zimo kwenye kile kichuma. Alisema maneno mengine pia, kwa Kiswahili, kwa Mama, karibu na sikio, na sikuyasikia, ila nilimwona Mama anamshika mkono. Bi Gharisa akaizungusha ile kofia polepole. Akainuka kwa shida, akaja mpaka alipokaa Mama, akambusu kichwani mbele ya wanawake wote, akamwomba msamaha. Akavua shela yake ya pamba ya begani, nyeupe, safi, akaikunja diski humo yeye mwenyewe na akamrudishia Mama mikononi. Nilipotaka kuipokea nimsaidie, Bi Gharisa akanipiga mkononi kwa kidole, taratibu lakini alinipiga.

Halua nilikwenda kuichukua mimi garini. Nilianza kuifungua toka mlangoni, nikaingia na kopo wazi, kila niliyempita namwonyesha, naye anachungulia ndani kwa utulivu kabisa kabla ya kuniruhusu kupita. Tulikunywa kahawa, tukala, tukaagwa na watu ishirini mpaka kwenye gari. Ile suruali Bi Shamsa alinirudishia imekunjwa vizuri, na akaniambia kiraka kimeshonwa vibaya.

Garini Mama aliuliza maneno mawili tu. "Ulifungua kompyuta?" Ndiyo Mama. "Na kukopi hukukopi?" Sikukopi Mama. Kisha akaikumbatia ile shela kifuani mpaka Nizwa, na hilo lilinikata kuliko kicheko cha Manah nzima.

Nasoro alitusubiri na chakula cha mchana, lakini Mama alikataa kula. Nasoro akaifunua ile shela, akaishika diski, akainusa. "Mbona inanuka ubani?" Nikamweleza yote tokea flashi mpaka ndoo, na yeye hakucheka, jambo lililonitisha zaidi. Akanieleza kimoja kimoja: kwanza unakopi, kitu muhimu hakikai mahali pamoja, kama kompyuta inazimika kwa joto, unaifungua ubavu unaielekezea feni unaendelea, diski ikitoka inavishwa mfuko wake maalumu usioshika umeme, si suruali, na haiangushwi, wala haifukizwi. Akaiweka mezani ipoe kabisa, hataki kuitia umeme ikiwa na joto. Tukasali adhuhuri, tukarudi, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta mpya.

Hakuna kitu. Kimya. Skrini pana imetutazama kama ukuta. Mama amekaa kwenye kiti mbele yake, mikono mapajani, na mimi nimesimama nyuma ya kiti nimeshika mgongo wake kwa mikono miwili, nikaahidi kwa Mungu kwamba ikiwaka sitoshika bisibisi tena maisha yangu. Nasoro akauchomoa waya wa umeme, akautazama kichwa chake, akaufuta, akaurudisha mpaka ukalia taki. Ikaanza kuzunguka. Ule mngurumo wa pampu, ule uliotuudhi miaka yote, ukatoka pale mezani na nilikaribia kulia.

Folda zikajitokeza. Nasoro akabonyeza ya Mama, kompyuta ikaandika kwamba hana ruhusa ya kuifungua.

"Nani hana ruhusa?" Mama akauliza.

"Mimi, Mama."

"Basi iambie mwenyewe yupo hapa."

Nasoro akabonyeza kuendelea, ikafunguka. Hakumruhusu mtu kugusa kitu mpaka alipokopi zote kwenye kompyuta mpya, kisha zote tena kwenye diski nyengine ya pembeni, akahesabu hapa akahesabu pale, zikalingana. Ile ya zamani akaichomoa akaitia kwenye mfuko wake na kuiandika jina. Ndipo akaufungua mchoro mmoja, ule Mama anaouita Kilimia, ambao nusu ya wanaume wa Ibra wanauvaa, akaukuza mpaka ukajaza skrini yote.

Mama aliinuka kitini. Hakuibandika pua. Alisimama pale pale, hatua moja kutoka kwenye skrini, akautazama, na nikaona macho yake yanakwenda, yanafuata mstari, yanaruka mstari, kama alivyokuwa akisoma msahafu zamani. Kwa miaka miwili sikuyaona macho yale yakitembea.

"Hapa," akasema, akagusa kioo kwa kidole. "Hapa nilikosea. Tundu moja imezidi."

Nasoro akaangalia, nami nikaangalia, tukahesabu kwa sauti, na kweli upande wa kulia tundu tisa na upande wa kushoto kumi. Nusu ya wanaume wa Ibra wanatembea na tundu moja ya ziada kichwani na hakuna aliyeiona mpaka siku ile, hata yeye mwenyewe, kwa sababu alipoichora ukungu ulikuwa umeshaanza na hakutuambia. Akacheka, machozi yakamtoka katikati ya kucheka, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Nipe kipanya," akasema.

Akaiondoa ile tundu. Akaurudisha mchoro kuwa mdogo akautazama wote, akaridhika, akaomba ukurasa mtupu. Nasoro akaniambia chakula kinapoa. Tukala sisi wawili tu.

Basi wenzangu, mkiwa na kitu kwenye kompyuta ya zamani mnachokipenda, kikopini leo, kabla hamjaigusa skrubu, na kama mtu akikufungulieni aibu yenu mbele ya watu semeni hiyo ni yangu hapo hapo, inauma mara moja tu. Mimi bisibisi nimemkabidhi Nasoro, na printa za shule sikwamui tena, wanichukie watakavyo. Kompyuta tumeileta Ibra, ipo kwenye meza ya Mama. Ana nakshi mpya saba toka tulipotoka Nizwa. Hivi ninavyokuhadithieni nimemwita mara tatu aje kunywa chai, na mara zote tatu amenijibu nimsubiri, ana kazi.